Mikoko, Diko na Vyeti vya Kuzaliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mpango wa Likizo kwa Vijana wa Lamu

Usuli

Kisa hiki kinahusu mpango wa wiki nne uliofanyika Lamu katika likizo ya Agosti, ukiwa na shabaha mbili: kuwafundisha sayansi ya bahari vijana wa kidato cha pili na cha tatu, na kuwaandaa kwa ajira. Majina ya watu, ya shirika lililouandaa, ya wafadhili na ya kijiji yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa maana ya kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Niliombwa kuufanyia tathmini baada ya kumalizika. Nilisoma madaftari ya vijana na ya mratibu, nikazungumza na wazazi, manahodha na wanachama wa kamati ya usimamizi wa fuo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kifupi chake, BMU.

Vijana walikuwa 24, wasichana 11 na wavulana 13, wengi wao watoto wa wavuvi, wakataji mikoko, mafundi wa mashua na wafanyakazi wa hoteli. Kaunti yao ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na upande wa kaskazini iko hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, lakini kabla ya hapo wavuvi walikuwa wamekwenda mahakamani kwa sababu ya maeneo yao ya uvuvi kuharibiwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Anayekuja Lamu na ahadi ya ajira za baharini hana budi kuifahamu historia hiyo, kwa maana mzazi anayemsikiliza anayo matumaini na kinyongo kwa wakati mmoja, na kila neno atalipima.

Wakati wa kufanya mpango haukuchaguliwa Lamu. Wakufunzi wa kujitolea walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya, ambao likizo yao ndefu huangukia Julai na Agosti, majira yao ya joto. Huku kwetu Agosti ni kusi. Upepo huu huanza Aprili, hukaza katikati ya mwaka, na bahari ya nje huchafuka hata wavuvi wenye vyombo vikubwa wakawa wanasubiri. Maji matulivu, yanayomwezesha mtu kuona mbali akiwa chini yake, huja na kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Ombi la fedha liliandikwa na watu waliofika Lamu mwezi wa Januari, wakaona matumbawe wazi kabisa, wakadhani ndivyo yanavyoonekana mwaka mzima.

Mpango ulivyokuwa kwenye karatasi

Asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa saba, ilikuwa ya sayansi: kupiga mbizi kwa miwani na bomba la kupumulia, kutambua matumbawe, kuhesabu samaki kando ya kamba iliyotandazwa chini. Mchana, saa nane hadi saa kumi, ulitengwa kwa maandalizi ya ajira, yaani mihadhara ya wageni, kuandika wasifu, na kufanya mazoezi ya usaili. Ratiba ilikuwa ile ile kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Haikuwa na safu ya maji. Kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na katika pwani yetu siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ilhali siku za maji mafu, yaani madogo, kupwa huangukia alasiri. Kazi ya kwenye matope au kwenye mikoko inayofaa Jumatatu saa tatu asubuhi huenda isiwezekane kabisa saa hiyo hiyo Ijumaa. Haikuwa na nafasi ya madrasa pia, ingawa vijana wengi husoma chuo cha Kurani baada ya sala ya alasiri, na wengine kabla yake. Mratibu, mwalimu wa biolojia mzaliwa wa kisiwani, aliyataja mambo yote mawili kabla ya kuanza. Aliambiwa ratiba imekwisha kupitishwa pamoja na bajeti.

Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza mratibu aliwapeleka vijana kwenye ufuo wenye mchanga uliokingwa na upepo, akawapima kuogelea. Waliomudu bila wasiwasi walikuwa 9, wavulana 8 na msichana mmoja. Wakufunzi wageni walistaajabu kwamba watoto waliokulia kisiwani hawajui kuogelea. Wazazi hawakustaajabu hata kidogo. Mvulana wa Lamu hujifunza kwa kurukia majini gatini pamoja na wenzake, na hakuna anayemfundisha. Msichana akifika umri wa kujistiri hana tena pahali pa kuingia majini, na hajapata wa kumfundisha mahali penye stara.

Palikuwa na pendekezo kwamba kila mmoja avalishwe jaketi la kuokolea, safari za matumbawe ziendelee. Mratibu alikataa, na sababu zake ziliandikwa daftarini mwake siku ile ile: jaketi ni kinga ya aliyepatwa na ajali, haligeuki kuwa ruhusa ya kumtia majini asiyejua kuogelea, na mkondo wa maji kati ya visiwa wakati wa kusi una nguvu za kumchukua mtu mzima. Aliamua kwamba asiyejua kuogelea haendi kwenye maji ya kina, akatafuta mwanamke wa kuwafundisha wasichana. Alimpata mmoja tu, mfanyakazi wa hoteli, aliyeweza kutoa siku mbili kwa wiki.

Vipindi vya mchana vilikuwa baridi. Wageni walitaja kazi za baharini moja baada ya nyingine, kuanzia ubaharia hadi utafiti, vijana wakanakili. Walipewa mfano wa wasifu wakaujaza. Katika daftari la msichana mmoja, mahali palipoandikwa uzoefu wa kazi, aliandika «sina», akapiga mstari chini yake kwa rula. Ukurasa huo una maana kubwa kuliko fomu zote za maoni nilizopewa: zoezi la kumwandaa kwa kazi lilikuwa limemthibitishia kwamba hana la kuandika.

Siku ya kukwama

Wiki ya pili, kwa kuwa safari za nje zilishindikana, kundi la vijana 12 liliingizwa kwenye mkono wa bahari wenye mikoko kwa mashua ya injini. Zilikuwa zimepita siku nne tangu kilele cha bamvua, kwa hiyo maji yalijaa mnamo saa mbili na nusu asubuhi na yangekupwa kiasi cha saa nane na nusu mchana. Nahodha alisema mapema kwamba ifikapo saa nne mashua iwe imeshatoka. Ilipofika saa nne mkufunzi mmoja aliomba muda wa kumaliza kipande cha mwisho cha kupimia. Nahodha alikumbusha mara ya pili. Vijana, ambao wengi walijua vizuri maana ya maneno yake, walinyamaza kwa sababu waliyekuwa wakimsikiliza ni mwalimu na mgeni.

Waliondoka karibu na saa sita, na mashua ikakwama kwenye tope kabla ya kufika mdomo wa mkono ule. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri maji yarudi. Maji ya kunywa yaliisha mapema, jua lilikuwa kali, na mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Mashua ilielea tena mnamo saa kumi na moja, na walifika gatini magharibi imeadhiniwa. Akina mama walikuwa wamesimama pale tangu alasiri. Hakuna aliyeumia. Kesho yake wasichana wawili waliondolewa kwenye mpango na wazazi wao, na mzazi wa mmojawapo alimwambia mratibu kwamba mwanawe hakukabidhiwa watu wasiomsikiliza nahodha.

Maamuzi yaliyofuata na sababu zake

Mratibu alisimamisha safari kwa siku tatu, akaenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, kisha mbele ya kamati ya BMU. Katika kikao hicho mwenyekiti aliuliza swali lililogeuza mpango mzima: «Hizo hesabu za samaki mnazowafundisha watoto wetu, zikishaandikwa, ni nani atakayezisoma?» Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna. Zilikuwa za mazoezi. Mwenyekiti alieleza kwamba kamati ina fomu za kuandikia samaki wanaoshushwa dikoni, mahali vyombo vinapofikia na samaki, lakini haina mtu wa kuzijaza kila siku, na kwamba wapo wanachama wanaodai tafi na changu wanaoletwa siku hizi ni wadogo, na wapo wanaobisha, wala hakuna mwenye karatasi ya kuonyesha.

Uamuzi wa kwanza uliotokana na kikao hicho ulikuwa juu ya mamlaka: katika chombo neno la mwisho ni la nahodha, na mkufunzi anayetaka muda zaidi humwomba yeye kabla ya kushuka. Wa pili ulikuwa kuipanga upya ratiba kwa kufuata maji, ili siku za bamvua ziwe za mikoko, asubuhi maji yakipwa, kwa makundi yanayokwenda kwa miguu kutoka ufuoni, na siku za maji mafu ziwe za dikoni na darasani, vipindi vyote vikimalizika kabla ya saa ya madrasa. Matumbawe yaliachwa kabisa. Mfadhili hakufurahi, kwa kuwa picha za matumbawe zilikuwa zimeahidiwa. Mratibu alimwandikia kwa adabu akimweleza kusi ni nini.

Wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio uliouokoa mpango, ulikuwa kufuta vipindi vya ajira vya mchana na kuihamishia shabaha yake ndani ya kazi yenyewe. Kila kundi lilikuwa na mpimaji, mwandishi na mhakiki, wakibadilishana zamu. Mhakiki alitia saini kila fomu, na fomu isiyo na saini haikupokewa. Mwisho wa mpango taarifa mbili zingewasilishwa kwa watu waliokuwa wakizisubiri, moja kwa BMU na nyingine kwa wakataji mikoko wa kijiji.

Yaliyotokea dikoni yanafaa kusimuliwa. Samaki walipimwa kwenye ubao wenye rula, mdomo umefungwa, toka ncha ya mdomo hadi penye panda ya mkia, kisha wakawekwa mzanini. Msichana mmoja, ambaye ami yake ni mvuvi wa dema, aliona kwamba kabla ya ndoo kufika mzanini samaki kadhaa hutolewa na kuwekwa kando. «Ami, na hawa mbona hawaji?» aliuliza. «Hao ni kitoweo, mwanangu. Kitoweo hakina mzani.» Aliandika hivyo hivyo pambizoni mwa fomu. Jioni walipojadili, ikaonekana kwamba fomu yao ilikuwa ikirekodi samaki wa kuuzwa peke yao, na kwamba siku ambayo wavuvi wamepata kidogo, sehemu ya kitoweo huwa kubwa zaidi ikilinganishwa na wanaopimwa, hivyo siku mbaya ilionekana mbaya kuliko ilivyokuwa. Waliongeza safu ya kitoweo, ikijazwa kwa idadi na urefu bila kuwachukua samaki mikononi mwa wenyewe. Wavuvi waliafiki kwa sababu aliyeomba ni mtoto wao, na kwa sababu aliomba.

Kwenye mikoko fomu iliagiza unene wa shina upimwe mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mchu na mkandaa hilo halina taabu. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayochomoza shinani na kujipinda hadi matopeni, mara nyingi kwa kimo hicho huwa bado ni mizizi mitupu. Kundi moja liliacha safu wazi likaandika sababu. Makundi mengine yalipima kitu, chochote, yakajaza namba. Mhakiki wa kundi la kwanza alikataa kusaini hadi apate maelekezo, na mkufunzi alipoangalia mwongozo wake akakuta kwamba kwa mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Miti yote ya aina hiyo ikapimwa upya. Taarifa ya mwisho haikuishia kwenye sentimita. Vijana waliigawa miti kwa daraja wanazotumia wakataji, fito, pau, boriti na nguzo, nao wakataji wakaisoma na kubishana nayo siku hiyo hiyo.

Katika wiki ya tatu mratibu aliomba kila kijana alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Saba hawakuwa nacho. Bila cheti hicho kijana hukwama afikapo miaka 18 anapoomba kitambulisho, na bila kitambulisho hapati pasipoti wala hawezi kujisajili kama baharia. Vipindi viwili vya darasani vilitumika kujaza fomu za usajili wa kuchelewa pamoja na wazazi, na kueleza njia kwa ukweli wake: shahada ya biolojia ya bahari, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, hudai wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na stashahada C-, mabaharia hufuata mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, ambao mafunzo yake ya msingi ni kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama na wajibu kazini, na anayetaka kushika zamu ya kuongoza meli hupimwa macho, pamoja na uwezo wa kutofautisha taa nyekundu na ya kijani.

Matokeo

Vijana 22 walimaliza. Taarifa zote mbili zilisomwa barazani na vijana wenyewe, na swali kali zaidi lilitoka kwa mkataji mikoko aliyetaka kujua kwa nini vipande vya kupimia viliwekwa karibu na njia, mahali ambapo miti mizuri ilikwisha kukatwa zamani. Vijana walikubali kwamba ni kweli na wakaliandika swali lake ndani ya taarifa. BMU iliichukua safu ya kitoweo katika fomu yake, na vijana wawili waliendelea kujaza fomu hizo siku za Jumamosi shule ilipofunguliwa. Kazi hiyo ilisimama baada ya wiki chache fomu zilizochapishwa zilipokwisha na pasipatikane wa kuchapisha nyingine.

Kati ya saba waliokosa vyeti, wanne walikuwa wamevipata nilipofanya tathmini. Kuhusu kuogelea, wavulana wote walifikia kiwango. Wasichana waliofikia ni watatu.

Uchambuzi

Tofauti ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mpango huu haikuletwa na vifaa wala fedha, kwa kuwa vilikuwa vile vile. Katika nusu ya kwanza sayansi ilifanywa ili vijana waone, na ajira ilifundishwa ili wajue. Hakuna aliyengoja matokeo ya lolote kati ya hayo. Kijana anayejua kwamba namba yake itatupwa hana sababu ya kurudi matopeni kuipima upya. Yule mhakiki aliyekataa kusaini alijua kwamba wiki mbili baadaye wakataji mikoko wataishika ile karatasi. Uaminifu wa kuacha safu wazi, kubishana kwa hoja na aliyekuzidi umri, kusikiliza pingamizi barazani na kuliandika: hayo ndiyo waajiri hulalamika kuyakosa, na hayakufundishwa katika kipindi chochote chenye jina la ajira. Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo ningependa waandaaji wengine waisome mara mbili.

Siku ya kukwama inahitaji kuchambuliwa bila kumtupia mkufunzi lawama zote. Alikuwa kijana, mwenye bidii, na aliyepewa idadi ya vipande vya kumaliza. Kosa lilikuwa katika mpangilio uliomfanya nahodha kuwa dereva wa kukodiwa. Hakuhudhuria mkutano wowote wa maandalizi, na malipo yake yalikuwa ya siku, bila sauti. Kunyamaza kwa vijana nako kunaeleweka, kwa kuwa tumewalea wasimpinge mwalimu, na adabu hiyo ni njema. Lakini mpango unaofanyika ndani ya chombo lazima uwape mahali pa kusema, mapema na kwa heshima, wanapojua jambo ambalo mkubwa wao halijui. Baada ya siku ile mratibu alianza kila safari kwa kumwomba kijana mmoja atangaze saa ya kujaa na ya kupwa. Ni hatua ndogo yenye faida kubwa.

Kuhusu ahadi za ajira, mratibu alifanya jambo ambalo wengi huliogopa: alitaja alama za mtihani waziwazi, akataja kwamba bandari haitamchukua kila mtu, na baadhi ya vijana waliondoka wakiwa na matumaini madogo kuliko waliyokuja nayo. Naona alitenda haki. Vyeti vinne vya kuzaliwa vina uzito zaidi katika maisha ya vijana hao kuliko mihadhara yote ya wiki ya kwanza, na vilipatikana kwa sababu mtu aliuliza swali la kiofisi ambalo halikuwa katika bajeti.

Kufa kwa kazi ya dikoni kwa kukosa karatasi ni aibu ya mpango, kwa kuwa gharama ya kuchapisha fomu za mwaka mzima ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli ya mkufunzi mmoja. Mpango uliopata watu wa kusoma kazi yake ulipaswa kuwatazama watu hao baada ya Agosti.

Upungufu ninaouona mkubwa kuliko wote ni wa wasichana. Maamuzi ya mratibu ya kuwazuia maji ya kina yalikuwa sahihi, na kuhamia mikoko na diko kuliwapa kazi kamili wasiyohitaji kuogelea kwayo. Hata hivyo kozi ya msingi ya baharia huanza kwa kujiokoa majini, na mtafiti wa bahari asiyeogelea hubaki na kazi za ufuoni, hivyo wasichana wanane kati ya 11 walikuja wakiwa wamefungiwa njia hizo na wakaondoka zikiwa bado zimefungwa. Mfadhili amekubali mpango ujao ufanywe Desemba, kaskazi ikiwa imeingia. Katika tathmini yangu nilipendekeza kwamba kabla ya kijana yeyote kusajiliwa, wanawake wawili wa hapa hapa wafundishwe ukufunzi wa kuogelea na uokoaji, walipwe mshahara wa miezi sita, na itengwe sehemu ya ufuo yenye kizuizi kwa saa maalumu, kwa makubaliano na wazazi na mashekhe. Kamati ya wazazi imekubali na imetaja ufuo. Fedha za mishahara hiyo bado hazijaingizwa katika bajeti.